Kijiji Kilichojiziba Mdomo

Jua lilikuwa bado halijapanda ukingo wa kilima Glenda Hobday alipochungulia dirisha la jikoni akimtafuta paka, akamwona mgeni. Bwana Colin Yardley, mgeni wake wa kwanza wa kulipa tangu dunia iumbwe, alikuwa amesimama katikati ya ua na pajama zake za mistari, miguuni gambuti za kuazima, amemnyooshea jogoo simu kama mlinzi anayemmulika mwizi. Jogoo mwenyewe, jina lake Kanali, alikuwa juu ya ukuta wa mawe. Alinyoosha shingo, akawika. Bwana Yardley akasogea hatua moja. Kanali akawika tena, maana hajapata kuwanyima watu sauti yake.

Glenda aliliachia pazia kana kwamba limemuunguza.

"Rodney," alimwita mumewe, aliyekuwa mezani akivaa soksi. "Anarekodi."

"Nani?"

"Mgeni. Anamrekodi Kanali."

Rodney alibaki na soksi moja mkononi. Katika kijiji cha Brindlecote hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Miaka miwili nyuma familia moja kutoka London ilinunua nyumba ya shule ya zamani, ikapaka mlango rangi ya kijivu, kisha ikaanza kumrekodi jogoo wa Trefor Bufton. Wakarekodi asubuhi baada ya asubuhi, wakapeleka halmashauri, na halmashauri ikamtuma kijana na kimashine cha kupimia kelele. Jogoo wa Trefor aliishia chunguni pamoja na vitunguu. Wale wa London wenyewe hawakumaliza mwaka. Walisema giza la kijijini ni jingi mno. Wao walihama, lakini jogoo hakurudi.

"Labda anapenda kuku tu," alisema Rodney.

"Anayependa kuku hulala mpaka aletewe yai."

Hakuwa anatania. Ng'ombe wa maziwa wa akina Hobday walikwisha kuuzwa, siku zile maziwa yalipokuwa rahisi kuliko maji ya chupa. Walibaki kondoo wachache, konde la juu, na chumba cha wageni ambacho Glenda alikipaka rangi kwa mikono yake na kukitangaza mtandaoni. Mgeni wa kwanza ndiye mwenye kugawa nyota. Akitoa mbili, wa pili haji. Chumba kikifa, konde la juu linauzwa, na konde hilo ndimo alimozaliwa baba mkwe wake, Mzee Wilf, katikati ya mavuno, kwa sababu mama yake alikataa kuacha mstari kabla haujaisha.

"Basi muulize," Rodney alisema.

"Nimuulize nini? Samahani bwana, unatushtaki au unatalii? Mgeni haulizwi hivyo."

"Kweli. Tusimuulize."

Hapo mume na mke wakaafikiana, na kijiji kizima kingewaunga mkono. Kwao Brindlecote, kumuuliza mtu ana shida gani ni sawa na kumfungulia mlango wa choo akiwa ndani.

Kwenye kifungua kinywa Glenda aliwaandalia wageni mayai, soseji, maharage na tosti, akamimina chai kwenye vikombe vya maua alivyoazima kanisani. Mzee Wilf alikuwa ameshapewa masharti: suruali ivaliwe kabla ya kushuka ngazi, na meno yake ya bandia yasionekane tena kwenye glasi ya bafuni.

"Huyo jogoo wenu," alianza Bwana Yardley. Alikuwa mtu mnene, mpole, dereva wa basi kutoka Coventry, aliyekula kwa adabu kama anayefanyiwa usaili. "Huwika saa hiyohiyo kila siku?"

Glenda alihisi birika likimlemea. "Hapana. Leo tu alijisahau."

"Ahaa." Bwana Yardley alionekana kunywea. "Na kengele za kanisa, je? Hupigwa lini?"

"Ijumaa jioni, mazoezi. Lakini kidogokidogo tu. Wengine hawazisikii kabisa."

"Na wale kondoo na watoto wao, pale upande wa pili?"

"Wale ni wa jirani," Glenda alisema haraka, akimtupa Trefor shimoni bila kutetereka.

Mke wa mgeni, Bi Yvonne, alimgusa mumewe kiwiko. "Colin, si uwaambie."

"Tusiwasumbue," alimjibu chinichini, akaendelea kukata soseji.

Glenda alilisikia hilo. Alirudi jikoni akaegemea friji. Kumbe mashtaka yalikuwa tayari, bado kusomwa tu.

---

"Kanali hatiwi sandukuni," alisema Mzee Wilf.

"Ni siku mbili tu, baba. Wanaondoka Jumamosi."

"Mimi nilifungwa jeshini siku moja kwa kumjibu sajenti, na mpaka leo nikikumbuka najikuna. Huyu ni kanali kamili."

Lakini alijua kama walivyojua wote kwamba dawa ya jogoo ni dari. Jogoo hawezi kuwika bila kunyoosha shingo. Mweke kwenye sanduku ambalo dari yake inamgusa upanga wa kichwani, naye atabaki kuguna kama mzee anayetafuta miwani. Mzee Wilf alilichukua sanduku la zamani la tufaha, akalitandika majani makavu, akamwingiza Kanali kwa mikono miwili huku akimwomba radhi. Walilificha kwenye stoo ya nyuma, baina ya viazi na mashine ya kukatia nyasi. Mzee akavuta kigoda akaketi kando.

"Kuna haja gani ya wewe kukaa humu?" Glenda aliuliza.

"Mfungwa hutembelewa."

"Na baani je? Leo zamu yako ya kurusha vishale."

"Mwenzangu amefungwa, mimi niende kunywa? Binti yangu, ulilelewa wapi?"

Glenda alimwacha akavaa koti. Alikuwa na safari mbili, na zote za kujidhalilisha.

Ya kwanza ilikuwa kwa Trefor Bufton. Trefor alikuwa juu ya trekta, nyuma yake tela la samadi lililoiva hata nzi walikuwa wakipeana zamu. Glenda alimweleza habari nzima: simu, pajama, maswali ya saa. Trefor alizima injini ili asikie vizuri, kisha akaonekana kuifurahia zaidi kuliko ilivyopasa.

"Yaani unataka samadi yangu isubiri."

"Mpaka Jumamosi mchana."

"Na kondoo niwapeleke konde la chini, wasilie karibu na kitanda cha bwana mkubwa."

"Ukiweza, jirani."

"Na mimi nilipochukuliwa jogoo, ulinifanyia nini, dada Glenda?"

"Nilikuletea keki."

"Ulileta, kweli." Trefor alikuna kidevu. "Hebu tuizungumzie hiyo keki. Mke wangu Beryl ameshika nafasi ya pili kwenye maonyesho ya kijiji mpaka watu wanamwita Bi Pili. Mwaka huu keki yako ikipata homa, ikashindwa kutoka nyumbani, mimi sitashangaa."

Keki ya Glenda, ile ya tabaka mbili na jamu katikati, ndiyo heshima pekee aliyokuwa nayo ambayo benki haikuijua. Alitazama samadi. Alitazama dirisha la chumba cha wageni kule chini, na pazia alilolishona mwenyewe.

"Inaonekana imeshaanza kukohoa," alisema.

"Pole yake," alisema Trefor, akawasha trekta na kuirudisha bandani.

Safari ya pili ilikuwa kwa Bernard, kiongozi wa wapiga kengele, mtu mwembamba mwenye mikono mirefu kana kwamba kamba zimemvuta tangu utotoni. Kwake huyo ombi la kufuta mazoezi lilikuwa kufuru.

"Mazoezi ya Ijumaa hayafutwi, Glenda. Babu yangu alipiga kengele usiku nyumba yake ilipoungua."

"Aliita watu waje kuizima?"

"Hapana. Ilikuwa Ijumaa."

Waliketi, wakanywa chai. Mwishowe Bernard alipata njia. Alikuwa na vile vikofia vya ngozi ambavyo hufungwa kwenye ulimi wa kengele ili sauti ifie ndani. Angevifunga pande zote mbili za kila ulimi, na kengele ingetoa mlio wa mto unaopigwa ngumi.

"Mgeni wako atadhani ni tumbo lake mwenyewe," alisema Bernard.

Glenda alimshukuru karibu alie. Kwa kuhangaika na mgeni, hakukumbuka jambo ambalo hata mtoto wa Brindlecote analijua, wala Bernard hakulikumbuka, maana alikuwa akiwaza mafundo. Kengele hazivishwi ngozi ovyo. Huvishwa kwa msiba.

---

Siku nzima ya Ijumaa Bwana Yardley alizunguka na simu yake kama mtu aliyepoteza mbuzi. Alikwenda kwa kondoo, hakuwakuta. Aliketi kijitoni, na mvulana wa Beryl akampita kwa miguu akisukuma baiskeli, maana alikatazwa asipige kengele yake. Aliporudi, Glenda alimuuliza matembezi yalikuwaje.

"Kuna utulivu sana," alisema Bwana Yardley kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi.

"Tunajitahidi," Glenda alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu jana moyo wake ukatulia.

Jioni, kengele zilianza. Ziligonga taratibu, nzito, zimezibwa, na sauti ikatambaa juu ya mapaa kama ukungu. Baani watu waliweka bilauri chini. Mmoja akauliza ni nani. Mwingine akatazama kiti cha pembeni, karibu na ubao wa vishale, kikiwa kitupu jana, kitupu na leo.

"Mzee Wilf," alisema mwenye baa, akavua kofia ambayo hakuwa amevaa.

Mlango wa akina Hobday ulibishwa hodi mara ya kwanza Glenda akiwa anamenya viazi. Alikuwa Beryl, amebeba pai ya nyama na macho mekundu. Nyuma yake mwenye baa na chupa. Nyuma yake dada wawili wa posta na maua yaliyokatwa harakaharaka, mengine bado na mizizi. Hakuna aliyesema kitu cha maana. Walimbana Glenda mkono, wakasema "naam, naam", wakasema hali ya hewa angalau imekuwa nzuri, wakaweka vyakula mezani. Glenda naye, kwa vile kuuliza "mmefuata nini" kungekuwa utovu wa adabu, alisema ahsanteni na kuteleka chai. Rodney aliingia, akakumbatiwa na mwenye baa, jambo ambalo halijawahi kumpata, akadhani labda ni siku yake ya kuzaliwa.

Bwana na Bi Yardley waliteremka ngazi kuangalia kuna nini, wakapewa pai.

Hapo ndipo Trefor Bufton alipoingia, amevaa tai nyeusi juu ya shati la kazi. Alisimama katikati ya jiko, akakohoa.

"Mimi si mtu wa maneno," alianza. "Ila niseme hili. Hakuna aliyelima mstari ulionyooka katika bonde hili kama Mzee Wilf. Baba yangu alisema hivyo, nami nilikataa miaka yote, kwa kijicho tu."

Mlango wa stoo, nyuma ya Trefor, ulifunguka kidogo.

"Na ule mwaka ng'ombe wangu walipotoroka, watu wote mkasema ni Wilf aliyeacha lango wazi. Ni mimi niliyeliacha. Alijua, na hakusema."

"Endelea, Trefor," ilisema sauti kutoka mlangoni. "Usisahau na ile ngazi yangu uliyoiazima."

Mmoja wa dada wa posta aliketi juu ya pai. Mzee Wilf alikuwa amesimama na majani makavu nyweleni, amekumbatia sanduku la tufaha, hai kuliko wengi waliokuwemo. Trefor alirudi nyuma, akajikwaa, akalishika sanduku ili asianguke, na kifuniko kikabaki mkononi mwake.

Kanali alitoka kama aliyeitwa. Alitua mezani baina ya maua na viazi, akajikung'uta, akawatazama wote mmoja mmoja. Kisha akanyoosha ile shingo iliyokunjwa siku mbili, akawika mpaka vikombe vya kanisa vikaitikia.

Glenda alifumba macho. Alipoyafumbua alimwona Bwana Yardley akijipapasa mifukoni kama mtu aliyeumwa na siafu.

"Simu," alikuwa akisema. "Yvonne, simu iko wapi? Anawika."

"Bwana Yardley, tafadhali," alisema Glenda. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Usimrekodi. Tutamtoa. Tutampeleka popote. Ila usitupeleke halmashauri. Ndio kwanza chumba kinaanza."

Bwana Yardley alisimama. "Halmashauri?"

"Jana ulimrekodi."

"Jana nilibonyeza vibaya, nikapata picha ya kidole changu." Alimtazama mkewe, akatazama jiko lililojaa watu, akawa mwekundu mpaka masikioni. "Ni kwa ajili ya mama. Anatimiza miaka themanini na tisa kesho. Yuko kwenye nyumba ya wazee, macho hayaoni tena, na dirisha lake linatazama maegesho ya magari. Alizaliwa shambani, unajua. Alikuwa msichana wa kukamua ng'ombe. Dada yangu kamnunulia skafu. Mimi nikasema nitamletea asubuhi moja ya shamba. Jogoo, kondoo, kengele, chochote. Halafu nimefika hapa, nimekuta kijiji kizima kimefunga mdomo."

Bernard alikuwa ndio kwanza anaingia, kamba ingali begani, akiuliza kama sauti ilikuwa ya chini vya kutosha.

"Sasa kwa nini hukusema?" Glenda alimuuliza mgeni.

"Sikutaka kuwasumbua." Bwana Yardley alifikiri kidogo. "Na nyinyi, kwa nini hamkuniuliza?"

Glenda alimtazama Rodney. Rodney akatazama soksi zake.

"Hatukutaka kukusumbua," alisema Glenda.

Bi Yvonne ndiye aliyeanza kucheka. Akafuata Beryl, kisha mwenye baa, na mwishowe hata dada wa posta, aliyekuwa bado anabanduliwa pai.

---

Alfajiri ya Jumamosi ua wa akina Hobday ulikuwa na watu wengi kuliko kanisa la Krismasi. Trefor alikuwa amewarudisha kondoo, kila mama na mtoto wake pande tofauti za ua, ili walie vizuri. Alileta na tela la samadi.

"Harufu haiingii kwenye simu, Trefor," alisema Rodney.

"Huwezi kujua simu za siku hizi."

Bernard na wenzake walikuwa wameshavua vikofia vya ngozi, wakingoja ishara. Bwana Yardley hakutaka kurekodi tena. Alihofia kidole chake. Alipiga simu moja kwa moja, na muuguzi kule Coventry akaishika sikioni mwa mama. Kondoo walilia. Kengele zikafunguka, safi, zikashuka bondeni kama watoto wanaotoka shule. Kila mtu akamgeukia Kanali.

Kanali alikuwa ukutani kwake. Alitazama mashariki, akatazama watu, akawapa mgongo.

"Amenuna," alisema Mzee Wilf. "Mimi niliwaambia. Afisa hatiwi sandukuni."

"Baba, fanya kitu," Glenda alimnong'oneza. "Mama wa watu anangoja."

Mzee Wilf aliangaza huku na huku. Alimkabidhi Rodney fimbo yake, akavua kofia, akayatoa na yale meno ya bandia akayatia mfukoni. Kisha akapiga makofi mapajani, akanyoosha shingo yake nyembamba, na akawika. Aliwika kwa nguvu zote za miaka themanini na moja, mpaka mwisho wa sauti ukapasuka vipande.

Kanali aligeuka taratibu. Alimtazama mzee kwa jicho moja, kisha kwa la pili, kama asiyeamini kwamba amepinduliwa uani kwake. Akapanda jiwe la juu kabisa akajibu, akajibu tena, akawika mfululizo kama anayelipa deni la siku mbili, na majogoo wa ng'ambo ya kilima, ambao hawajawahi kumsikia hivyo, wakaitikia.

Bwana Yardley alikuwa amebana simu sikioni kwa mikono yote miwili. Aliitikia mara kadhaa, "ndiyo, mama", akageuza uso pembeni, akafuta shavu kwa mkono wa pajama.

"Amesikia?" aliuliza Glenda.

"Amesikia yote. Anasema kengele ya tatu inachelewa kidogo."

Bernard alitikisa kichwa kwa uchungu. Alikuwa anajua.

"Na anasema yule wa kwanza si jogoo. Ni mtu, tena kapungukiwa meno." Bwana Yardley aliweka simu tena sikioni, akasikiliza, akarudi. "Anauliza ana umri gani."

"Mwambie themanini na moja," alisema Mzee Wilf, akitafuta meno mfukoni haraka.

"Anauliza kama ana mke."

"Mwambie nilifiwa. Mwambie ninalima mstari ulionyooka. Trefor ni shahidi, amesema mbele ya watu."

Trefor akakubali kwa kichwa. Kisha akamsogelea Glenda, akazungumza akitazama kondoo. "Ile keki yako, ikipata nafuu, iache iende maonyeshoni. Beryl anasema heri awe wa pili kwa keki nzuri kuliko wa kwanza kwa homa."

Walipokwisha kunywa chai, na vikombe kuoshwa ili virudishwe kanisani, Bwana Yardley alileta mabegi chini. Alisimama mlangoni akizungusha funguo za gari, na Glenda aliona wazi kwamba ana jambo la kusema. Safari hii hakungoja.

"Bwana Yardley, una shida gani?"

Alishtuka, kisha akacheka. "Nilitaka kuuliza kama chumba kitakuwa wazi mwezi ujao. Nyota nimeshakupa zote, zilikuwa tano tu, zingekuwepo zaidi ningetoa. Lakini mama anataka kuja. Anasema anataka amsikie yeye mwenyewe, kwa karibu."

"Karibuni sana. Kanali atafurahi."

Bwana Yardley alitazama uani. Kule ukutani jogoo alikuwa anajikuna bawa, na chini yake, kwenye ndoo ya maji, Mzee Wilf alikuwa ameinama anajichana nywele.

"Sijui," alisema. "Mama hakusema ni yupi."